Kuwinda ku milima ya Haut-Katanga: mambo ya kupanga mbele ya kutoka ku muji

Kila mwaka, wakati mvua inaisha na majani ya pori inaanza kukauka, watu wa Ruashi wanaanza kusema juu ya kuwinda. Kuko wenye walizaliwa Kasenga, Mitwaba, Pweto ao Kambove, na wanajua pori tangu utoto. Kuko wengine wenye walikomalia hapa, katikati ya barabara ya Luano na mashimo ya mine, na pori wanaijua paka kwa masimulizi ya babu. Wote wanatamani kitu kimoja: kupanda mulima, kupata nyama, na kurudia nyumbani na kitu cha kupikia bukari.

Wengi wanaanza kupanga safari na bunduki. Wanatafuta bunduki, kisha gari, kisha siku, na wanaenda. Lakini muwindaji mwenye uzoefu anaanza na ulizo lingine: kule kwenye ninaenda, pori ni ya nani? Mutu mwenye hana jibu la ulizo hilo anaweza kurudia bila nyama, bila bunduki, ao asirudie kwa muda murefu kwa sababu iko ku gereza. Habari hii inaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kupanga uwindaji wa swala ku milima yetu bila kuvunja sheria na bila kumaliza nyama yenye imebakia.

Kitu kimoja cha kujua mbele: Ulaya na Marekani, mutu anaposema anaenda kuwinda ku mulima, mara mingi anasema juu ya kulungu wa kule, mwenye pembe za matawi zenye zinaanguka na kuota tena kila mwaka. Huyo hayuko kwetu. Katika milima ya Katanga nyama ya namna hiyo ni swala wa kila aina, kuanzia kale kadogo kenye mutu mumoja anabeba ku bega, mpaka ile kubwa yenye inapita ngombe kwa uzito.

Pori ya Leta ni ya nani?

Tangu sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973, udongo wote wa inchi yetu ni wa Leta. Watu wengi wanasikia neno hilo na wanafikiri: kama ni ya Leta, basi ni ya kila mutu, kila mumoja anaingia na kuchukua. Hapo ndiyo matatizo mengi yanaanzia. Pori ya Leta iko na wenye kuichunga, na hawa wako wa aina nyingi. Juu ya mulima mumoja unaweza kupita katika mikono ya watatu ao wane kwa siku moja.

Wa kwanza ni parke. Katika jimbo letu kuko Parke ya Taifa ya Kundelungu, yenye ilifanywa mwaka wa 1970, juu ya ule mulima wa bapa wenye uko kati ya muto Lufira na bonde la Luapula. Ndani yake kuko maporomoko ya Lofoi, yenye maji yake inaanguka zaidi ya mita 300. Upande wa magaribi na kaskazini kuko Parke ya Taifa ya Upemba, yenye ilianza mwaka wa 1939, na inaingia pia katika majimbo ya jirani. Parke zote mbili ziko chini ya ICCN, ni kusema Taasisi ya Congo ya Kulinda Viumbe vya Asili. Ndani ya parke kuwinda kumekatazwa, kwa mukaaji wa hapo na kwa mugeni, na permi ya kuwinda haifungue mulango huo. Sheria ya kulinda viumbe vya asili, namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2014, inaweka kifungo na amende kubwa.

Pembeni ya parke kuko maeneo yenye Wafransa wanaita zone annexe. Watu wanaishi mule, wanalima, wana makanisa na masomo, na kwa macho huwezi kuona tofauti na pori ya kawaida. Lakini ICCN ina neno mule pia. Usiingie na bunduki kwa sababu tu umeona mashamba ya mihogo.

Wa pili ni domeni ya kuwinda. Jina hili linadanganya watu. Mutu anasikia domeni ya kuwinda na anafikiri ni pahali pa kila mutu kuwinda. Ni pahali pa Leta penye kuwinda kunafanywa kwa ruhusa na kwa hesabu. Bila ruhusa, mule ni kama ndani ya parke.

Wa tatu ni shefu wa udongo. Inje ya parke na domeni, pori mingi iko katika sheferi na grupema zenye zina mipaka yao ya zamani. Sheria ya Leta iko juu, ni kweli, lakini hakuna muwindaji mwenye akili mwenye anapita ku mukini bila kumuona shefu. Desturi hii ni ya zamani sana. Waluba wanasimulia kama Mbidi Kiluwe, muwindaji mwenye alitoka mbali, alikuja katika udongo wa wengine, na kutokana naye ufalme mupya ulianza. Katika masimulizi hayo muwindaji ni mugeni mwenye heshima, kwa sababu anajua namna ya kujiendesha. Pahali pengi muwindaji mwenye amepata nyama kubwa anapeleka muguu moja kwa shefu, na ngozi ya chui ni kitu cha ushefu. Na tangu dekrete ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka wa 2014, mikini inaweza hata kupewa na Leta misitu yao wenyewe ya kusimamia, mpaka hekta 50 000. Katika musitu wa namna hiyo, kamati ya mukini iko na sauti kabisa.

Wa ine ni mwenye konsesio: ferme, ao kompani ya mine. Pembeni ya Lubumbashi kuko ferme zenye zinafuga nyama ya pori ndani ya senyenge. Swala yenye iko ndani ya senyenge ni mali ya mutu, sawa na mbuzi wake. Na kupita na bunduki katika konsesio ya mine, hata kama unafuata alama ya miguu, ni kujitafutia risasi ya walinzi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya safari inafanywa ku meza, na karte. Andika jina la pahali, teritware, sheferi, na grupema. Uliza wapi mupaka wa parke unapita, na ni alama gani inauonyesha: muto, barabara, ao kilima. Mupaka wenye haujui ndio wenye utauvuka.

Permi ni ya aina gani?

Kuwinda katika inchi yetu kunaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka wa 1982, pamoja na arete ya minisita ya mazingira ya tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka wa 2004 yenye inaeleza namna ya kuitumikisha. Sheria hiyo inatambua permi za aina mbalimbali. Hizi ndizo zenye zinagusa watu wetu zaidi:

Permi ya mukini, yenye Wafransa wanaita permis rural. Ilipangwa kwa mukaaji wa mukini, kwa ajili ya kula kwake na jamaa yake, hapo kwenye anaishi.

Permi ya kikundi, yenye inatolewa kwa ajili ya jamii ya mukini, ili watu wapate nyama bila kila mumoja kutafuta karatasi yake.

Permi ya michezo, ya nyama ndogo ao ya nyama kubwa. Hii ndiyo inaangalia mutu wa muji mwenye ana bunduki yake na anataka kuenda kuwinda.

Permi ya utalii, kwa mugeni mwenye anatoka inje.

Kuko na zingine za watu wa sayansi, za kukamata nyama ili kuuzisha, na za Leta yenyewe.

Kosa lenye linaonekana mara mingi ni hili: kijana wa Ruashi anaenda kwa muyomba wake ku mukini, anachukua permi ya muyomba na bunduki ya muyomba, na anaingia ku pori. Permi ni ya mutu mumoja. Haikopeshwe, haiuzishwe. Kama walinzi wanakukamata na karatasi ya muyomba, wewe huna karatasi, na muyomba pia anaingia ku matatizo.

Ili kupata permi, enda ku kordinasio ya jimbo ya mazingira, hapa Lubumbashi. Uliza mambo matatu: permi gani inaomba wewe, inaruhusu nyama gani na ngapi, na inafanya kazi wapi. Sheria inapanga nyama katika vikundi: kuko zenye zimelindwa kabisa, kama vile tembo; kuko zenye zimelindwa kwa sehemu, na hizo zinaomba ruhusa yenye inataja jina la nyama; na kuko zingine. Omba uonyeshwe liste. Kisha lipa pahali penye kulipa kunafanywa, na chukua kitansi. Makuta yenye umeweka mukononi mwa mutu bila kitansi hayatakusaidia ku bariere.

Bunduki na nguo

Permi ya kuwinda na ruhusa ya kuwa na bunduki ni karatasi mbili tofauti. Bunduki inaongozwa na ordonanse-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka wa 1985. Kila bunduki lazima iwe na karatasi yake yenye jina la mwenyewe na namba ya bunduki. Ile ya kutengenezwa ku mukini, yenye tunaita pupu, nayo pia ni bunduki mbele ya sheria. Tena pupu ina hatari ingine: mara zingine bomba lake linapasuka na kuumiza mutu mwenye anapiga, si nyama.

Silaha ya vita haiwinde. Mutu mwenye anakuambia atakukopesha AK ya mutu fulani kwa siku mbili anakuuzisha kifungo.

Juu ya nguo, usifuate picha za wawindaji wa Ulaya wenye wanavaa nguo za rangi ya majani na madoa. Kwetu nguo za namna hiyo ni za jeshi, na raia amekatazwa kuzivaa. Katika Mitwaba, Pweto na maeneo ya kaskazini watu wameteseka miaka mingi na vikundi vya Mai-Mai. Mukini wenye unaona wanaume watano na bunduki, wamevaa nguo za madoa, wanatoka ku pori asubui, hautauliza kama ni wawindaji. Watu watakimbia, na mutu ataita waaskari. Vaa nguo za kawaida za rangi ya udongo. Na mbele ya kupanda, jionyeshe kwa shefu, kwa polisi wa pahali, na kwa kila kazi ya usalama yenye iko pale, na karatasi zako mukononi.

Ni wakati gani?

Leta inafungula na kufunga wakati wa kuwinda, na tarehe zinatangazwa. Uliza tarehe za mwaka huu katika jimbo letu mbele ya kulipa gari. Wakati kuwinda kumefungwa, permi yako yote inalala.

Sababu ya kufunga inaeleweka. Nyama inahitaji miezi yenye haikimbizwe, ili izae na kulea watoto. Muwindaji mwenye anaua nyama muke mwenye mutoto anaua mbili kwa risasi moja, na ya pili haiweke hata ku nyungu.

Juu ya hali ya hewa, mwaka wetu una sehemu tatu. Tangu mwezi wa 11 mpaka wa 4 ni mvua: majani ni marefu, hauone kitu, mito inajaa, na barabara ya Kasenga ao ya Mitwaba inaweza kumeza gari. Tangu mwezi wa 5 mpaka wa 7 ni baridi na ukavu. Juu ya mulima, kwenye kunafika karibu mita 1 700, usiku unaweza kutetemeka mpaka asubui, kwa hiyo blanketi moja haitoshe. Tangu mwezi wa 8 mpaka wa 10 ni joto, maji inapunguka, nyama inakaribia mito na demba, na majani mingi imeungua. Wakati huo kuona nyama ni rahisi zaidi, lakini nyama yenye umeua inaoza mbio.

Nyama gani inapatikana wapi?

Mulima wetu hauko kitu kimoja. Chini kuko demba na mabonde ya mito. Ku migongo kuko musitu wa miombo. Juu kabisa ni bapa ya majani mafupi na upepo. Kila nyama ina nyumba yake. Majina ya Kiswahili cha vitabu yanaweza kuwa mageni kwetu, kwa hiyo tunaeleza namna kila moja inaonekana. Ku mukini watakupa jina la kwao.

Nsya ni swala mudogo wa vichaka. Ana kilo 12 mpaka 25. Anatembea peke yake, na unamupata ku miombo na pembeni ya mashamba.

Mbuzi mawe ndiye swala wa mulima kabisa. Ana karibu kilo 10 mpaka 13, anasimama juu ya majiwe ku ncha za kwato zake, na anaruka penye mutu hawezi kupita. Kumufuata ku majiwe ni namna ya kuvunja muguu.

Mbawala ana kilo 40 mpaka 60, ana madoa na mistari myeupe. Anapenda musitu wenye giza pembeni ya maji, na anatoka asubui sana na mangaribi.

Tohe iko na uzito karibu wa mbawala, rangi ya majani makavu. Inalala katika majani marefu karibu ya maji na inapiga mluzi ikiogopa.

Kongoni, palahala na korongo ni kubwa. Korongo, yenye Wabemba wanaita mpelembe, inaweza kupita kilo 250. Zinatembea kwa vikundi, ku miombo yenye nafasi na ku majani.

Pofu ndiyo kubwa kupita zote, dume inaweza kupita kilo 600.

Katika hizo, kuko zenye zinaweza kuwa katika liste ya nyama zenye zimelindwa, na kuko zenye zimekuwa haba sana inje ya parke. Kwa mutu wa muji mwenye anaanza, wa kufikiria ni nsya na wengine wadogo wenye permi yake inataja. Lazima ujue kuwatofautisha kwa pembe, kwa mukia, na kwa namna wanakimbia. Kusema "nilifikiri ni ile" hakukubaliwe ku tribinali.

Hesabu ya muzigo

Mulima unaazibu mutu mwenye hakufanya hesabu. Tufanye mufano wa watu wane kwa siku tano.

Unga wa bukari: nusu kilo kwa mutu kwa siku, ni kilo 10. Maji: kama unapanda bapa ya juu wakati wa ukavu na huna hakika ya chemchemi, beba litre 3 kwa mutu kwa siku. Kwa siku mbili tu, hiyo ni litre 24, ni kusema kilo 24. Ongeza blanketi, sufuria, mafuta, chumvi, bunduki, turubai, na dawa. Kila mutu tayari ana muzigo muzuri ku mugongo mbele nyama haijaonekana.

Sasa fikiri kurudia. Swala wa kilo 50 anatoa karibu nusu yake ya nyama, ni kilo 25: watu wane wanagawanya na wanatelemuka vizuri. Lakini korongo ya kilo 250 inatoa zaidi ya kilo 120. Hiyo ni kilo 30 kwa kila mutu, juu ya vitu vyenye alikuja navyo, ku njia ya majiwe, na joto. Watu watafanya nini? Wataacha nusu ioze, ao watabaki siku mbili kuikausha kwa moto, na moshi utaita wengine. Sheria ya wazee inatosha hapa: usipige chenye hauwezi kubeba.

Katika kikundi, chukua mutu mumoja wa mukini mwenye anajua njia, na mulipatane malipo yake mbele. Acha nyumbani jina la pahali, jina la shefu, na siku ya kurudia. Simu haishike juu ya mulima pahali pengi. Kama siku ya kurudia inapita, jamaa wajue waite nani.

Dawa za kubeba: za malaria, za kuhara, bandeji, na kamba ya kusaidia muguu wenye umevunjika. Nyoka akikuuma, usikate na usinyonye. Funga muguu usitembee, na ubebwe mbio mpaka ku hopitali. Ku miombo kuko pia nzi wa tse-tse, wenye wanaleta ugonjwa wa usingizi, kwa hiyo mikono mirefu ni ya lazima.

Ku mulima wenyewe

Nyama inakusikia kwa pua mbele ya kukuona kwa macho. Wakati wa ukavu upepo wetu unatoka mara mingi kusini-mashariki. Lakini mulima una upepo wake. Asubui mapema, hewa ya baridi inatelemuka kutoka juu kuenda bonde. Jua likipasha majiwe, hewa inapanda. Kwa hiyo asubui sana, kukaa chini na kuangalia juu ni kuzuri. Saa inne ikipita, harufu yako itaanza kupanda kwa nyama. Chukua majivu kidogo katika kitambaa na uyaache yaanguke. Yatakuonyesha.

Kaa pahali pamoja na angalia kwa muda murefu kuliko kutembea. Piga paka wakati nyama imesimama pembeni, karibu, na unaona chenye kiko nyuma yake. Ku milima yetu kuko watu wa makala, wachimbaji, wenye kutafuta uyoga na asali, watoto wenye wanachota maji. Majani yenye yanatikisika siyo nyama mpaka umeona nyama.

Ukiijeruhi, ngojea, kisha fuata damu mpaka mwisho. Kuacha nyama yenye jeraha na kutafuta ingine ni haya kwa muwindaji, na ni kuongeza hesabu yenye permi haikukupa.

Sheria inakataza, bila ruhusa ya pekee, kuwinda usiku na taa, kukimbiza nyama na gari, kutumia sumu, moto, mashimo, mitego, na silaha za vita. Moto wa pori ndio unaumiza zaidi: mutu anachoma ili swala watoke, na moto unaenda siku tatu, unakula mizinga ya asali, musitu wa makala, na mara zingine nyumba za mukini.

Nyama ikiwa mukononi

Usiokote nyama yenye umekuta imekufa yenyewe. Inaweza kuwa na kimeta ao ugonjwa mwingine. Nyama yenye haiogope mutu, yenye inayumba ao inatoka damu ku pua, iache na ujulishe munganga wa nyama ao shefu. Ukipasua, funika vidonda vya mikono na ossha mikono na sabuni. Tunakumbuka mupoksi: tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka wa 2024, Shirika la Afya la Dunia lilitangaza ugonjwa huo kuwa hatari ya dunia, na inchi yetu ndiyo ilikuwa katikati yake. Unaenea sana kati ya watu, lakini unaweza pia kutoka kwa nyama ya pori, zaidi panya na nyani. Watoto wasichezee nyama mbichi.

Wakati wa joto, toa matumbo mbio, weka nyama ku kivuli na ku upepo, na ikaushe kama njia ni ndefu. Ku barabara, permi, karatasi ya bunduki, na kitansi vikae pamoja katika mufuko mumoja, na nyama isifichwe chini ya mifuko ya makala. Mwenye anaficha anaonekana mwizi hata kama ana karatasi. Na kumbuka: permi ya kuwinda kwa kula haiko ruhusa ya kuuzisha nyama ku soko.

Kwa nini yote hii?

Kuko wenye watasema karatasi zote hizi ni za kutafuta makuta ya watu. Malalamiko hayo tunayasikia, na siyo yote ya uongo: mutu wa mukini mwenye nyumba yake iko kilometre mingi na biro anapata kizuizi, wakati mutu mwenye gari na pesa anapita. Lakini waulize wazee wenye walipita Kundelungu miaka ya nyuma juu ya vikundi vya nyama vyenye waliona, kisha uulize kijana wa leo. Punda milia wa mwisho wa inchi yetu yote wenye wanaishi ku pori wako katika Upemba. Swala wa maji wa Upemba, wenye watu wa sayansi waliwaandika kuwa aina ya pekee mwaka wa 2005, hawako pahali pengine duniani. Mwezi wa 12 mwaka wa 2012, mukubwa wa parke ya Upemba, Atamato Madrandele, aliuawa katika shambulio akiwa kazini. Watu wamekufa juu ya nyama hizi.

Inchi zingine zilichagua njia mbalimbali. Kenya ilifunga kuwinda kwa michezo mwaka wa 1977. Zambia na Tanzania zinaruhusu kwa leseni na kwa maeneo. Sisi tulichagua permi. Permi itafanya kazi paka kama muwindaji anaiheshimu na kama biro inaitoa kwa haki. Mutego wa waya hauulize kama nyama ni muke ao mutoto. Mutu mwenye permi anaweza kuuliza, na hiyo ndiyo tofauti yake.

Mbele ya kutoka Ruashi, jibu maulizo haya: Pahali ninaenda ni pa nani, na mupaka wa parke uko wapi? Wakati wa kuwinda umefunguliwa? Permi ina jina yangu na jina la nyama? Bunduki ina karatasi? Shefu na polisi wanajua? Nani ku nyumba anajua siku ya kurudia? Na nyama tutaibeba namna gani?

Kama jibu moja linakosa, acha safari ingojee. Mulima utabaki pale.